Saa 40 na muhuri wa baba mdogo

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 17, nasoma kidato cha tano, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), shule ya kutwa hapa Mbeya. Nyumbani ni Uyole. Mama anauza ndizi na parachichi sokoni. Baba ni dereva wa lori, safari zake ni za kupita Tunduma, kwa hiyo wiki moja yupo na wiki tatu hayupo.

Nimepata fomu ya ufadhili wa masomo ya chuo. Matokeo yangu ya kidato cha nne yanakidhi, barua ya mkuu wa shule ninayo, insha nimeshaandika mara tatu. Kilichonikwamisha ni kipengele kimoja: mwombaji awe amefanya saa 40 za huduma kwa jamii, zenye uthibitisho wa maandishi. Mwisho wa kutuma ni tarehe 31 Januari, na leo ninapokuandikia ni wiki ya kwanza ya Novemba. Nilimuuliza mwalimu mmoja, akaniambia niandike chochote, eti hao watu hawawezi kufunga safari kuja Uyole kuhakiki.

Mwalimu, nilikaa na karatasi nikajaribu kuorodhesha ninayofanya. Nalea wadogo zangu wawili mama akiwa sokoni. Shuleni tunalima shamba la mahindi na maharage. Naimba kwaya kanisani, mazoezi mara mbili kwa wiki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi natoka na mtaa kufanya usafi. Jioni kuna watoto wa darasa la pili na la tatu wanakuja barazani kwetu, nawafundisha kusoma na hesabu. Walianza wawili, sasa ni saba, na sijawahi kumtoza mzazi hata mia.

Halafu kuna Bibi. Siyo bibi yangu wa damu. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, peke yake, na mtaa mzima unamwita Bibi. Macho yake yana ukungu, hospitali walisema ni mtoto wa jicho. Binti yake anafanya kazi Makambako, huja mwisho wa mwezi. Tangu Agosti kila Jumamosi asubuhi naenda kwake, namchotea maji madumu manne, nafua, nachanja kuni, namsomea meseji za simu na sura mbili tatu za Biblia. Wakati mwingine namtia dawa ya macho. Hakuna aliyenituma, na hakuna muhuri.

Sasa baba mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa. Aliposikia habari ya fomu akasema, "Njoo Desemba unisaidie kuuza, nitakuandikia barua ya saa 60 na muhuri wa kampuni. Saa 60 si zinapita 40? Watakuona hodari." Mwalimu, baba mdogo ndiye aliyenilipia ada kidato cha tatu baba alipopata ajali. Kumkatalia naona kama kumvunjia heshima. Na rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja alitoa shilingi 10,000 kwa mtu wa kikundi fulani, akapewa cheti cha saa 50 bila kutoka nyumbani. Ameshatuma maombi.

Naomba unieleze nini hasa kinahesabika kuwa huduma kwa jamii kwa mwanafunzi kama mimi. Na nikimkataa baba mdogo, nimwambieje?

Mpenda Udaktari, Uyole

* * *

Marahaba, mwanangu, na kamwene kutoka Iringa.

Nianze na jibu, maana Januari haiko mbali. Jumamosi zako kwa Bibi zinahesabika. Watoto wa barazani wanahesabika. Duka la baba mdogo halihesabiki, hata akiigonga barua mihuri kumi. Hayo mengine uliyoorodhesha nitayapitia moja baada ya jingine, kwa sababu najua wenzako wengi watasoma hapa na wana orodha kama yako.

Neno hili, huduma kwa jamii, limekuja kwenye fomu zetu kutoka mbali, na ukijua linakotoka utaelewa masharti yake. Huko Marekani, jimbo la Maryland linamtaka mwanafunzi wa shule ya umma afikishe saa 75 za kujifunza kwa kutumikia ndipo ahitimu sekondari. Kanada, jimbo la Ontario linataka saa 40 tangu mwaka 1999, kwa hiyo namba iliyo kwenye fomu yako si ngeni. Ontario waliandika na orodha ya mambo yasiyohesabika, na mimi naipenda orodha ile kwa sababu inafundisha kuliko ile ya yanayohesabika. Haihesabiki kazi ambayo kwa kawaida mtu hulipwa mshahara kuifanya. Hazihesabiki kazi za kila siku za nyumbani kwenu. Haihesabiki kazi iliyo sehemu ya somo, wala inayofanyika ndani ya saa za vipindi. Haihesabiki kazi uliyoamriwa na mahakama. Na mwanafunzi haruhusiwi kumpa mtu mwingine dawa ya aina yoyote na kuiita hiyo huduma. Hilo la mwisho lisome tena, tutalirudia tukifika kwa Bibi.

Wafadhili wako wana masharti yao wenyewe, na ukurasa wa maelezo wa fomu yao ndio wenye kauli ya mwisho. Lakini katika miaka niliyowasaidia wanafunzi kujaza fomu za namna hii, karibu zote zinauliza mambo yale yale: ulikwenda kwa hiari yako, hukulipwa, uliyemtumikia si wa nyumbani kwenu, alikuwa na shida ya kweli, na yupo mtu mzima mwenye dhamana anayeweza kusema, "Ndiyo, nilimwona."

Basi twende kwenye karatasi yako.

Kulea wadogo zako siyo huduma kwa jamii. Najua inauma kusikia hivyo, maana pengine hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote ulizoandika. Lakini wale ni ndugu zako, na nyumba ile ni yako. Hata hivyo usiitupe. Ukija kuomba vyuo vya Marekani kwa ile fomu ya pamoja inayoitwa Common App, utakuta nafasi 10 za kueleza unachofanya nje ya masomo, na miongoni mwa aina za shughuli wanazokubali kuna majukumu ya kifamilia, na kuna kazi ya kulipwa. Zinasimama zenyewe, kila moja kwa jina lake, bila kujificha nyuma ya neno huduma. Wanauliza saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Msichana anayelea wadogo wawili saa tatu kila siku huku anasoma PCB ana jambo la kuandika pale. Hata kwenye insha yako ya sasa unaweza kulisema. Ila usilihamishie kwenye zile saa 40.

Shamba la shule nalo halimo. Mimi ni mtoto wa Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere aliiandika mwaka 1967, na sisi tuliokuwa darasani miaka iliyofuata tulishika jembe kabla ya kalamu kukauka wino, na sioni aibu kusema ilinijenga. Lakini shamba lile ni sehemu ya shule, mahindi mnakula wenyewe, na asiyekwenda anaadhibiwa. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unakaribiana na hilo: ni wajibu wa kila mkazi, na ofisi za mitaa nyingi zina faini kwa asiyetoka. Mtu hatekelezi wajibu halafu akaomba cheti. Kama siku moja utakusanya wenzako mkazibue mfereji ulioziba karibu na zahanati, siku ambayo hakuna aliyewaita, hiyo andika.

Kwaya: kuimba ibadani ni ibada. Lakini kanisa hilo hilo likikupeleka kuwapikia wagonjwa wasio na ndugu, au kuwatembelea wazee bila kuuliza dini zao, umeingia kwenye huduma. Kinachoangaliwa ni nani ananufaika, na kama mlango uko wazi kwa wote. Wanafunzi wa Kiislamu huniuliza hivyo hivyo kuhusu madrasa. Kujifunza kwako wewe haimo. Kuwafundisha wadogo bila malipo imo, ingawa wafadhili wengine hupunguza kama yote ni mafundisho ya dini.

Sasa watoto wako saba. Mwanangu, hili ulilitaja kwa sentensi mbili kama jambo dogo, na mimi nilisimama pale nikasoma upya. Mtoto wa darasa la tatu ambaye hajashika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, anaanza kuachwa na darasa siku hiyo hiyo, na katika darasa lililojaa mwalimu hana muda wa kumrudia. Baraza lenu linafanya ambacho darasa limeshindwa. Kwa kuwa hutozi, ni huduma. Siku utakayoanza kupokea mia tano kwa mtoto itakuwa tuisheni, kazi halali kabisa, lakini itahamia upande wa kazi ya kulipwa. Ila weka utaratibu: siku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, kwa muda wa saa moja, majina ya watoto kwenye daftari, na kila mmoja umpime mwanzoni anasoma maneno mangapi bila kukwama. Mwisho wa Januari umpime tena. Hiyo ni habari ambayo hakuna muhuri unaoweza kuitengeneza.

Na Bibi.

Mwaka 1974 nilikuwa darasa la saba kijijini kwetu. Ulikuwa wakati wa kisomo cha watu wazima, jioni wazee wakikusanyika chini ya mti na ubao mmoja, na sisi watoto tuliojua kusoma tulipangiwa kila mmoja mzee wake. Wangu alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu, mikono yake mikubwa ilikuwa inavunja chaki. Ilituchukua miezi kufika kwenye jina lake. Siku alipoliandika lote, alilifuta kwa kiganja akaliandika tena, halafu akalifuta akaliandika tena. Hakuna aliyenihesabia saa. Leo ukiniuliza nilifanya saa ngapi siwezi kukuambia. Lakini mzee yule alikuwepo, na shida yake ilikuwepo, na mtaalamu yeyote wa fomu za leo akisimuliwa atasema ndiyo, hiyo ilikuwa huduma kwa jamii.

Ya kwako na Bibi ni ile ile. Si ndugu yako. Hakulipi. Shida yake haikutengenezwa ili wewe upate picha. Kasoro yake ni moja tu, kwamba haijaandikwa, na kuandikwa ni jambo la wiki moja.

Kabla ya kuandika, liondoe la dawa. Usimtie tena dawa ya macho. Sisemi una mkono mbaya. Ukikosea chupa, au dawa ikiwa imeisha muda wake, au jicho likivimba kesho yake, wewe ni mtoto wa miaka 17 usiye na mafunzo na atakayeulizwa ni mama yako. Mweleze binti yake wa Makambako kwa simu, na mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu. Yule ndiye wa kupanga dawa, na mweleze pia kwamba Bibi aliambiwa ana mtoto wa jicho. Ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji, na wazee wengi wanakaa gizani kwa sababu tu hakuna wa kuwashika mkono hadi kliniki ya macho. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko hapo hapo Mbeya. Ukifanikisha Bibi apelekwe na binti yake, hata kama saa zako hapo ni tatu tu, utakuwa umefanya kuliko madumu yote ya maji. Unataka kuwa daktari, anza hapo.

Sasa muhuri. Wanafunzi wanadhani uthibitisho lazima utoke kwenye shirika lenye gari na bango. Mitaa yetu haina mashirika hayo kila kona, lakini ina watu wenye dhamana. Nenda ofisi ya mtaa, wewe na mama yako, siku ya kazi. Ongea na mwenyekiti wa mtaa, na kama mtendaji yupo ongea na wote wawili. Peleka barua ya nusu ukurasa: wewe ni nani, unasoma wapi, unamsaidia nani na watoto gani, siku gani na saa ngapi, mpaka lini. Omba waipokee, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, na waombe mwishoni wakuandikie uthibitisho baada ya kuona daftari lako. Kama wafadhili wanasisitiza lazima kuwe na taasisi, pitia kwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii wa kata. Njia nyingine ni kuomba jumuiya yenu kanisani ikuandike kwenye huduma yake ya kuwatembelea wazee. Watoto wa barazani, mwombe mwalimu mkuu wa shule yao ya msingi awatambue, yeye ndiye atakayefurahi zaidi.

Ukifika ofisini usiseme tu "nimekuja kwa ajili ya huduma kwa jamii" ukanyamaza. Nchini kwetu tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ile inayomruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi za jamii badala ya kumpeleka gerezani. Watendaji wanaijua, wazazi wengi pia. Mama mmoja wa huku Iringa alikuja kwangu amefura, akiuliza binti yake amefanya kosa gani mpaka shule impe kifungo cha nje. Ilibidi tukae na chai nimweleze. Sema "kujitolea kwa ajili ya maombi ya masomo" na utaeleweka mara moja.

Vipi kuhusu Jumamosi ulizokwisha kwenda tangu Agosti? Hapa kuwa mwangalifu. Kule Ontario, shughuli isiyo kwenye orodha ya shule inatakiwa iidhinishwe kwa maandishi na mkuu wa shule kabla haijaanza, na wafadhili wengi wana roho hiyo hiyo. Usikae leo ukajaza tarehe na dakika za Agosti usizozikumbuka. Ziandike kwenye insha kama zilivyo: kwamba ulianza Agosti, kila Jumamosi, bila kujua kuna fomu. Sentensi hiyo ina uzito kuliko jedwali la kubuni. Kwa saa 40 anza upya, zinatosha. Kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwisho wa Januari unapata wiki 10 nzuri. Saa mbili kila Jumamosi kwa Bibi ni saa 20. Saa moja Jumanne na saa moja Alhamisi barazani ni saa 20 nyingine. Zimetimia, na huhitaji duka la mtu.

Twende kwa baba mdogo. Nakuelewa unavyoogopa, maana aliyekulipia ada si mtu wa kumjibu kwa mkato. Na anakupenda, hilo lionekane kwanza. Tatizo la barua yake ni kwamba duka linauza kwa faida, wewe ni mtoto wa kaka yake, na kazi ya kuuza misumari na saruji kuna kijana mwingine angelipwa kuifanya. Msomaji wa fomu akiona muhuri wa kampuni ya vifaa vya ujenzi chini ya maneno huduma kwa jamii, ataweka alama ya kuuliza kwenye kila kitu kingine ulichoandika, hata matokeo yako ya kweli. Usimpelekee maneno haya kwa simu. Mwombe mama akusindikize jioni, na useme hivi, kwa maneno yako: "Baba mdogo, nimeisoma fomu vizuri, imekataza ndugu kumthibitishia ndugu, na wakigundua wanafuta maombi yote. Naomba nije Desemba nikusaidie kama mwanao, siyo kwa ajili ya fomu. Ila nakuomba jambo jingine: wale watoto wa barazani hawana daftari." Ukishasoma maelezo ya fomu, hakikisha sharti hilo limo kabla hujalisema, kama limeandikwa tofauti, lisome kama lilivyo. Ukimwomba daftari saba na boksi la penseli, umempa namna ya kweli ya kukusaidia. Wanaume wa umri wake wanapenda kuombwa kitu kinachoshikika. Na ukifanya kazi dukani Desemba na akakupa chochote, hiyo ni kazi ya kulipwa, nayo utakuja kuitaja mahali pake. Nasema hivi pia kwa vijana wa Mufindi wanaoniandikia kuhusu kubeba mbao kwenye mashine za Mafinga wakati wa likizo: ni kazi, tena ya hatari, mdai ujira wenu.

Rafiki yako wa dawati moja amenisumbua usingizi. Alinunua cheti kwa shilingi 10,000, yaani fedha ambayo pengine mama yake aliitafuta siku mbili, na akapata karatasi ambayo haiwezi kujibu swali moja. Fomu hizi mara nyingi zinafuatiwa na usaili. Watamuuliza alimhudumia nani, siku ya kwanza ilikuwaje, alikosea nini. Atasema nini? Huna haja ya kumshitaki. Mwambie kwamba bado ana muda: aandike kwa wafadhili aondoe cheti kile, kisha aje barazani Jumanne. Watoto saba wanatosha walimu wawili. Aliyempa kile cheti ndiye mwenye kosa kubwa, maana ni mtu mzima na amemfundisha mtoto wa watu kuuza jina lake.

Niseme kidogo na wengine walioniandikia mwezi huu. Mnaotaka kwenda kituo cha kulelea yatima na sabuni na sukari: nendeni, sabuni inahitajika. Lakini saa moja ya kukabidhi zawadi na saa moja ya kupiga picha na watoto wa watu mkiwa mmewashika mabegani siyo saa mbili za huduma. Muulizeni mlezi mkuu anahitaji nini kila wiki. Atawaambia kufua, au kusimamia kazi za shule za jioni, na hapo ndipo mtakapojua kama mlikwenda kwa ajili yao. Picha za watoto wale ziacheni. Kuhusu kuchangia damu, aliye chini ya miaka 18 au chini ya kilo 50 hachangii, asidanganye umri. Anachoweza ni kuhamasisha watu wazima wa mtaa na kuwapanga siku timu ya Damu Salama ikija. Kituo cha kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini kiko Mbeya. Na kupanda miti mvua zinapoanza ni vizuri sana, ila mti ukipandwa Desemba unamhitaji mtu Agosti, vumbi likiwa limetanda na mbuzi wamefunguliwa. Andika saa za Agosti, hizo ndizo nitakazoziamini.

Nikurudie wewe, Mpenda Udaktari. Nunua daftari la kurasa 48. Kila ukurasa: tarehe, muda wa kufika, muda wa kuondoka, ulichofanya, sahihi ya mtu mzima aliyeona. Kwa Bibi anaweza kusaini jirani wa ukuta mmoja naye, kwa watoto mzazi mmojawapo anayekuja kuwachukua. Mwendo wa kwenda na kurudi usiuhesabu. Chini ya kila ukurasa andika mistari mitatu ya ulichokiona siku ile. Kule Maryland hawazihesabu saa 75 kama kazi ya mikono tu, wanataka mwanafunzi ajiandae, atende, kisha atafakari. Shule za kimataifa zenye mtaala wa IB (International Baccalaureate) zimekwenda mbali zaidi: zamani waliwahesabia wanafunzi saa 150, sasa hawahesabu saa kabisa, wanataka ushahidi wa ulichojifunza. Mistari yako mitatu ndiyo hiyo. Usiandike "nilijifunza umuhimu wa upendo". Andika kwamba Bibi hukunja khanga zake kwa kupapasa pindo, na kwamba ulipohamisha mtungi pembeni ya mlango alijikwaa, ukajua kwamba nyumba ya asiyeona haipangwi upya bila kumwambia.

Usiende peke yako usiku, na mama ajue kila unapokwenda, hata kwa Bibi. Nyumba yenye wageni wanaume usiowajua unageuka, unarudi siku nyingine, na hakuna saa ya fomu inayokudai.

Jambo moja limebaki, na lifanye kabla ya kwenda ofisi ya mtaa. Jumamosi hii ukimaliza kuchota maji, kaa na Bibi. Mwambie kuna fomu ya masomo, na kwamba ungependa kuandika kuwa unamsaidia, na kwamba mwenyekiti atajua. Muulize kama anaridhia. Wazee wetu wana heshima yao, na wengine hawapendi kuandikwa kwenye makaratasi kama watu wa kusaidiwa. Akikubali, muulize unaweza kumwita nani kwenye barua, maana huenda hata jina lake kamili hujawahi kulisikia. Akikataa, usimbembeleze. Barua itaje watoto peke yao, ongeza siku ya tatu barazani, na Jumamosi uendelee kwenda kwake kama kawaida.